Bwana Melvil Dewey na Namba za Vitabu

Kila aingiaye katika maktaba yetu huona namba zilizoandikwa migongoni mwa vitabu. Nilipopewa kazi ya kuitunza maktaba hiyo, nilidhani namba hizo ni hesabu tu, kama zile za vitanda bwenini. Basi nikavipanga vitabu kwa urefu, virefu upande huu na vifupi upande ule, na makabati yakapendeza sana machoni. Juma moja baadaye mwanafunzi wa darasa la chini alitaka kitabu cha ukulima wa kahawa. Tulikitafuta tangu saa kumi mpaka kengele ya chakula, tukakikuta kati ya kitabu cha hesabu na maisha ya watakatifu. Siku ile ndipo nilipotaka kumjua mtu aliyezibuni namba zile.

Bwana huyo alizaliwa tarehe 10 Desemba 1851 katika kijiji cha Adams Center, jimbo la New York, nchi ya Marekani. Baba yake alikuwa mshona viatu mwenye duka. Wazazi walimwita Melville Louis Kossuth Dewey, lakini yeye alichukia herufi zisizotamkwa, akalikata jina likawa Melvil. Kwa muda hata jina la ukoo aliliandika Dui. Yasimuliwa kwamba alipokuwa mtoto aliingia ghala ya chakula ya mama yake akavipanga vyombo vyote upya. Mwaka 1868 shule yake iliungua moto. Alitoa vitabu vingi kadiri alivyoweza kubeba, lakini moshi ulimwingia kifuani, akaugua kikohozi kibaya hata ikadhaniwa kwamba hataishi siku nyingi. Tangu hapo akawa mtu wa kuhesabu dakika, na kupoteza wakati kwake kulikuwa kama dhambi.

Mwaka 1872, akiwa mwanafunzi wa chuo cha Amherst, alipata kazi ya kusaidia katika maktaba ya chuo. Siku zile katika maktaba nyingi namba ya kitabu ilionyesha kabati na rafu kilipowekwa, wala haikusema neno lo lote juu ya habari zilizomo. Rafu ikijaa, vitabu vilihamishwa na namba zote zikaandikwa upya. Tena kila maktaba ilikuwa na desturi yake. Kijana Dewey alizitembelea maktaba nyingine, akasoma mashauri ya waliomtangulia, kama Bwana William Torrey Harris wa St. Louis. Kisha Jumapili moja ya mwaka 1873 alikuwa kanisani, na mahubiri yalikuwa marefu. Alivyosimulia mwenyewe alipokuwa mzee, macho yalimtazama mhubiri lakini moyo ulikuwa kwenye rafu, na ghafula shauri likamjia. (Wadogo zangu wasimwige katika hilo, maana nitakayelaumiwa ni mimi.)

Shauri lenyewe ni hili. Maarifa yote yagawanywe mafungu 10, kila fungu ligawanywe matawi 10, na kila tawi vivyo hivyo, kisha iwekwe nukta na kuendelea kadiri upendavyo. Itazame kahawa yetu. Fungu la 600 ni la maarifa ya kazi na ufundi, ndani yake 630 ni kilimo, ndani ya kilimo 633 ni mazao ya shambani, 633.7 ni mimea kama tumbaku, chai na kahawa, na 633.73 ni kahawa peke yake. Ni kama kumwelekeza mgeni kwa wilaya, tarafa, kijiji na nyumba. Kitabu kipya kikija, huingia kati ya ndugu zake, na wale wa zamani hawabadilishwi namba.

Mwaka 1876 aliupiga chapa utaratibu huo katika kitabu chembamba cha kurasa 44, bila jina lake juu. Mwaka huo huo alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha wakutubi wa Marekani huko Philadelphia. Mwaka 1883 akawa mkutubi wa chuo cha Columbia, na mwaka 1887 akafungua shule ya kwanza ya kufundisha ukutubi. Wengi wa wanafunzi wake walikuwa wanawake. Wakuu wa chuo hawakutaka wanawake, wakamnyima madarasa, naye akafundisha katika stoo. Baadaye alihamia Albany kuiongoza maktaba ya jimbo la New York, na katika miaka ya 1890 jimbo hilo likaanza kupeleka masanduku ya vitabu 100 vijijini.

Ningependa kuishia hapo, lakini habari haikuishia hapo. Klabu aliyoianzisha Lake Placid mwaka 1895 iliwakataza Wayahudi wasiingie. Watu walileta malalamiko, na mwaka 1905 ikambidi aache kazi yake Albany. Tena wanawake wa kazi ile ile ya ukutubi walilalamika kwamba aliwashika bila ridhaa yao. Kwa sababu hizo, mwaka 2019 chama alichosaidia kukianzisha kililiondoa jina lake katika nishani yake kubwa.

Na namba zenyewe hazina upendeleo? Rafiki yangu Mwislamu aliniuliza swali hilo mbele ya kabati la dini. Katika fungu la 200, Ukristo umepewa nafasi tangu 220 hata 280 na zaidi, na dini nyingine zote za dunia zimesongamana katika 290: Uislamu ni 297, na dini za Waafrika ni 299.6. Katika lugha, Kiingereza kina 420 nzima, lakini Kiswahili ni 496.392. Sikuwa na jibu. Mwenye kugawa nyumba hujipa chumba kikubwa, na nadhani Bwana Dewey hakufikiri kwamba sisi pia tutaingia maktabani. Hata hivyo tulikitafuta kitabu cha Kiswahili kwa namba yake ndefu, tukakipata kabla ya kuhesabu ishirini.

Alifariki tarehe 26 Desemba 1931 huko Florida, mwenye umri wa miaka 80. Kitabu cha maisha yake, kwa utaratibu alioutunga mwenyewe, hukaa katika 020.92.