Charlie Christian Hakukariri Tu

Wapo wanafunzi wanaodhani kwamba mpiga gitaa hodari ni yule aliyekariri vipande vingi vya bluzi. Maisha ya marehemu Charlie Christian yanaikanusha dhana hiyo.

Mmarekani huyu mweusi alizaliwa mwaka wa 1916 huko Bonham, Texas, akalelewa Oklahoma City. Babake, kipofu aliyetafuta riziki kwa muziki barabarani, ndiye aliyemfunza. Mnamo 1939 alijiunga na bendi ya Benny Goodman, mikononi akiwa na gitaa la umeme, chombo kilichokuwa kigeni kwa wengi.

Bluzi aliijua tangu utotoni, lakini hakuilazimisha. Kila bendi ilipobadilisha fungu la sauti zinazopigwa pamoja, naye alibadilisha noti zake. Walimu wa kwaya watanielewa: kipande kilichotulia juu ya Mi katika fungu la Do, bluzi ihamiapo fungu la Fa, Mi hiyo hushushwa nusu hatua. Umbo la kipande husalia, maana yake hugeuka. Kukariri pekee hakumfikishi mtu hapo.

Kifua kikuu kilimwua Machi 1942, akiwa na umri wa miaka 25. Miaka miwili hivi ya kurekodi na Goodman ilikuwa imetosha kulitoa gitaa katika kazi ya kusindikiza tu.