Joseph Haydn na Misa ya Wakati wa Dhiki

Katika kitabu hiki cha jubilei twapenda kuwasimulia wasomaji wetu, hasa waalimu na waimbaji, maisha ya mtu mmoja aliyemtumikia Mungu kwa nyimbo.

Joseph Haydn alizaliwa mwaka 1732 katika kijiji cha Rohrau, nchi ya Austria. Baba yake alikuwa fundi wa magurudumu, naye alipiga kinubi kwa kusikia tu, asijue kusoma nota. Mtoto alipopata miaka minane hivi akachukuliwa Vienna, akawa mwimbaji katika kanisa kuu la Mtakatifu Stefano. Lakini sauti yake ya kitoto ilipovunjika akaondolewa, naye hana fedha wala kazi. Akakaa katika chumba kidogo chini ya paa, akifundisha watu kinanda ili apate chakula, na kujifunza mwenyewe utungaji. Mwaka 1761 akaingia katika utumishi wa ukoo mkuu wa Esterházy, akawaongoza wapiga muziki wao karibu miaka 30. Sifa zake zikaenea hata Uingereza, akaenda huko mara mbili.

Aliporudi mwaka 1795, bwana wake mpya alimtaka atunge Misa kwa sikukuu ya somo wa mkewe, Maria Hermenegild. Kati ya mwaka 1796 na 1802 akatunga Misa sita.

Sasa tuitazame ile ya mwaka 1798. Majeshi ya Ufaransa yalikuwa yamekwisha kuishinda Austria, na watu walikuwa na hofu. Haydn, mzee wa miaka 66, alikuwa amechoka sana kwa kazi yake kubwa juu ya kuumbwa kwa ulimwengu. Tena bwana wake alikuwa amewaachisha kazi wapiga filimbi na mazumari. Basi Haydn akatunga kwa fidla na kinanda cha kanisa, pamoja na tarumbeta tatu na ngoma. Akaanza tarehe 10 Julai, akamaliza tarehe 31 Agosti, akaiita Misa ya Wakati wa Dhiki.

Upungufu ule ukawa nguvu ya Misa yenyewe. Katika Kyrie tarumbeta na ngoma zatia hofu, na sauti ya mwimbaji mwanamke yapanda juu yake kama kilio cha mtu azamaye. Katika Credo soprano na tenori zatangulia, alto na besi zafuata nyuma kwa wimbo ule ule. Katika Benedictus tarumbeta zalia ghafula. Lakini mwishoni, waombapo amani, wote waimba kwa furaha.

Misa hiyo iliimbwa mara ya kwanza tarehe 23 Septemba katika kanisa la parokia la Eisenstadt. Baadaye watu wakaipa jina la Nelson, jemadari wa manowari za Uingereza, aliyeshinda huko Misri mwezi wa Agosti mwaka ule ule.

Haydn alikufa Vienna tarehe 31 Mei 1809, mji ukiwa mikononi mwa askari wa Ufaransa. Desturi yake ilikuwa kuandika jina la Bwana mwanzoni mwa wimbo, na sifa kwa Mungu mwishoni.

Nasi twajua kulalamika kwamba kinanda kimeharibika, au kwamba wenye besi wamehama. Jumapili haingoji. Na tuwahesabu waliobaki, tukaimbe.