Mjenzi wa Mifereji ya London

Wajenzi wengi husifiwa kwa majumba yanayoonekana. Leo tunapenda kumkumbuka mtu ambaye sehemu kubwa ya kazi yake imefukiwa ardhini: Mhandisi Joseph Bazalgette wa Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1819 na kufariki dunia mwaka 1891.

Katika zama zake, uchafu wa London ulimiminika katika Mto Thames, na wakazi wengi wakinywa maji ya mto huo huo. Kipindupindu cha mwaka 1848 na 1849 kiliua watu zaidi ya 14,000 jijini humo. Bazalgette aliteuliwa mwaka 1856 kuwa mhandisi mkuu wa halmashauri ya ujenzi ya jiji, lakini mipango yake ikakwama katika mabishano. Kulipoingia joto la mwaka 1858, uvundo wa mto ulipenya hadi ndani ya Bunge. Hapo ndipo sheria ilipopitishwa katika muda wa wiki chache tu.

Alijenga mifereji mikuu yenye urefu wa kilomita 132, iliyoukinga uchafu kabla haujafika mtoni na kuuteremsha upande wa mashariki. Palipokuwa bondeni, uchafu ulipandishwa kwa mitambo ya mvuke. Kituo cha Crossness, chenye mitambo minne, kilifunguliwa mwaka 1865. Cha Abbey Mills, chenye mitambo minane, kikamalizika mwaka 1868. Ndani mlikuwa na nguzo na vizuizi vya chuma vilivyonakshiwa maua na majani. Na Abbey Mills palisimama minara miwili ya moshi ya mtindo wa Kimaghribi. Saruji nayo ilipimwa kwanza ndipo itumike. Kazi ya uchafu haikufanywa kichafu.

Hata hivyo, mwaka 1866 kipindupindu kilirudi na kuua watu zaidi ya 5,000, wengi wao mashariki mwa jiji, ambako mifereji mipya ilikuwa haijaanza kazi. Tena, uchafu uliokusanywa ulifunguliwa mtoni wakati wa maji kupwa, kwa tumaini kwamba bahari itauchukua. Haikuuchukua wote. Waliokaa chini ya mto walilalamika, na kuanzia mwaka 1887 ndipo tope zito lilipoanza kutengwa na kupelekwa baharini kwa meli.

Sisi wa visiwani tunajua kwamba maji yakipwa, hujaa. Unguja nayo iliteketezwa na kipindupindu katika miaka ya 1869 na 1870. Kwa hiyo maisha ya mhandisi huyu yana funzo kwa wenye mamlaka na kwa wananchi pia. Wakubwa wasingoje hadi uvundo uwafikie mezani. Mfereji uhesabiwe kuwa umekwisha siku utakapofika mtaa wa mwisho, wala si siku ya kukata utepe. Na uchafu tuliouondoa mlangoni petu tusiuache mlangoni pa jirani.