Placide Tempels: Padri aliyeandika kitabu, kisha akakiacha nyuma

NATHENJE, Malawi – Kiswahili kinachozungumzwa na wakimbizi hapa Nathenje, mjini Lilongwe na katika kambi ya Dzaleka wilayani Dowa si cha Dar es Salaam wala cha Mombasa. Kwa sehemu kubwa ni Kiswahili cha Kongo, ambacho upendo hukiita mapendo. Katika Kiswahili hicho, kwa wazee wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, neno jamaa lina uzito ambao kamusi za Pwani hazina. Zamani lilikuwa jina la harakati ya Wakristo iliyoanzia kwenye kambi ya wachimba migodi, ikaenea Katanga na Kasai, na baadaye ikawapa maaskofu kazi kubwa.

Aliyeianzisha alikuwa Mbelgiji, Padri Placide Tempels. Vyuo vikuu vya Ulaya na Afrika vinamkumbuka kwa kitabu kimoja kidogo cha mwaka 1945, Falsafa ya Kibantu. Maisha yake, hata hivyo, yanaonyesha kwamba kitabu hicho kilikuwa mwanzo tu. Kazi kubwa zaidi aliifanya baadaye, kwa Kiswahili, na pamoja na watu ambao hapo awali alikuwa akiandika habari zao.

Kutoka Berlaar hadi Katanga

Alizaliwa tarehe 18 Februari 1906 katika mji mdogo wa Berlaar, Ubelgiji, akabatizwa Frans. Jina la Placide alilipata alipoingia shirika la Wafransisko. Alipata upadri mwaka 1930, na mwaka 1933 akatumwa Katanga.

Kwa miaka kama kumi alifanya kazi ya umisionari kama wenzake wengi. Alikuja na majibu tayari. Alifundisha katekisimu, alibatiza, alikemea mila, na alitazamia kwamba watu wangebadilika. Wengi walibatizwa kweli. Lakini ugonjwa ulipoingia nyumbani, mtoto alipokosekana au shamba lilipokataa, Mkristo yuleyule alirudi kwa mganga na kwa wazee wake. Wamisionari wengi walisema huo ni unafiki au ushamba. Tempels alianza kushuku kwamba kosa lilikuwa kwa mwalimu: alikuwa anamhubiria mtu asiyemjua.

Basi akageuza kazi. Akaanza kuwauliza Waluba maswali na kusikiliza. Wanamwelewaje mtu? Kwa nini baraka ya mzazi inaogopwa kuliko sheria ya serikali? Kwa nini aliyekufa bado anahesabiwa katika ukoo?

Kitabu cha mwaka 1945

Majibu aliyoyapata yakawa kitabu. Aliandika kwa Kiholanzi, na wakili Antoine Rubbens akakitafsiri kwa Kifaransa. Kilichapishwa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1945.

Hoja yake ilikuwa hii. Mwanafalsafa wa Ulaya hukitazama kitu na kuuliza ni nini. Mbantu, kwa maoni ya Tempels, huuliza kina nguvu gani. Kuwepo ni kuwa na nguvu ya uzima, na nguvu hiyo huongezeka au hupungua. Mzazi anayemwekea mkono mtoto anayesafiri anamwongezea. Anayelaani anapunguza. Ugonjwa, utasa, uchovu na dharau zote ni kupungua. Hakuna anayeishi peke yake: nguvu hutoka kwa Mungu, hupitia kwa wahenga na wazee, na humfikia mtoto wa mwisho.

Leo hoja hiyo yaweza kuonekana ya kawaida. Mwaka 1945 haikuwa hivyo. Utawala wa kikoloni ulijengwa juu ya dhana kwamba Mwafrika hana fikra zilizopangwa, na kwamba kinachohitajika ni kumjaza. Padri mmoja akasema kwamba chombo hakikuwa kitupu, na kwamba waliokuwa wakikijaza walikuwa wakimwaga kilichokuwemo.

Wakati wenyewe ulikuwa wa moto. Desemba 1941 wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière waligoma wakidai mishahara, na wanajeshi wakawafyatulia risasi Elisabethville. Makumi ya watu walikufa. Februari 1944 askari waliasi Luluabourg, Kananga ya leo. Katika hali hiyo Tempels aliandika pia katika gazeti la L'Essor du Congo, akidai Waafrika watendewe haki. Hakuwa mtu wa kupendeza wakubwa.

Askofu Jean-Félix de Hemptinne, mkuu wa Kanisa katika Katanga, alikichukia kitabu na akataka Roma ikilaani. Mwaka 1946 Tempels alikwenda Ubelgiji, akakaa huko hadi 1949 bila ruhusa ya kurudi. Mwaka huohuo wa 1949 kitabu kilichapishwa upya Paris na Présence Africaine, nyumba ya Msenegali Alioune Diop, ambaye alikiandikia utangulizi wa kukisifu. Kazi iliyomfukuza Katanga ikawa inasomwa na vijana wa Kiafrika waliokuwa wakijiandaa kudai uhuru.

Sifa na lawama

Si wote waliosifu. Aimé Césaire wa Martinique, katika andiko lake la mwaka 1950 dhidi ya ukoloni, alimkejeli. Kwake yeye, kumheshimu mtu kwa falsafa yake hakugharimu chochote ikiwa mshahara wake, nyumba yake na ardhi yake vinabaki vilevile. Baadaye Fabien Eboussi Boulaga wa Kamerun na Paulin Hountondji wa Benin waliuliza maswali mengine. Tempels alizungumza na Waluba. Kwa nini aliandika kana kwamba Wabantu wote, kutoka Kamerun hadi Afrika Kusini, wana fikra moja? Na falsafa isiyo na mwanafalsafa mwenye jina ni ya nani?

Lawama hizo zina msingi. Kitabu kiliwalenga wasomaji wa Kizungu: wamisionari, watawala na waajiri. Mwafrika alikuwa mada. Wazee waliompa maarifa hawana majina katika kurasa zake.

Waafrika wenyewe waliichukua kazi mkononi. Padri Alexis Kagame wa Rwanda alichapisha mwaka 1956 utafiti uliopima mawazo ya Tempels kwa kuchambua Kinyarwanda, neno kwa neno. Padri Vincent Mulago, mzaliwa wa upande wa Bukavu, alikuwa amewasilisha Roma mwaka 1955 tasnifu juu ya umoja wa uzima kati ya Washi, Wanyarwanda na Warundi, akiulinganisha na umoja wa Kanisa. Msomaji wa Dzaleka atatambua mara moja kwamba hao ndio majirani zake wa leo kwenye foleni ya maji. Theolojia ya Kiafrika iliyoandikwa na Waafrika ilianza hapo, ikimjibu Tempels huku ikimpita.

Kolwezi: baba na mama

Tempels mwenyewe alibadilika. Akiwa Ubelgiji alikutana na mtawa mmoja wa kike, na urafiki wao wa kiroho ulimfundisha jambo ambalo utafiti haukumfundisha: kwamba watu wawili hujuana pale kila mmoja anapojifungua kwa mwenzake, si pale mmoja anapomchunguza mwingine. Aliporudi Katanga mwaka 1949 hakuandika kitabu kingine cha kuwaeleza Wabantu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika kambi ya wafanyakazi wa Union Minière ya Musonoi, Kolwezi, alianza kukaa na wachimba migodi na wake zao. Walijiita Jamaa. Hapakuwa na kadi ya uanachama, ada wala mwenyekiti. Mchimba migodi aliitwa baba, mkewe mama, na padri naye aliitwa baba, Baba Placide.

Mafundisho yalitolewa kwa Kiswahili cha Katanga, na maneno matatu yalibeba yote: uzima, uzazi, mapendo. Kila mtu, walisema, anatamani kuishi, kuzaa na kupendwa, na Kristo ndiye anayetimiza hayo matatu. Mume na mke walianza kwa kuungana wao wenyewe kwa moyo na mawazo. Kisha waliwazaa wengine kiroho, yaani waliwaleta wenzi wengine katika njia hiyo. Hatimaye waliungana na padri wao, ambaye naye alihitaji kuzaliwa nao.

Tuelewe maana yake kwa mahali kama pale. Kambi ya mgodi ilikuwa mali ya kampuni: nyumba, hospitali, shule na posho. Watu wa makabila mbalimbali waliwekwa mstari kwa mstari, mbali na koo zao. Mwanamume alikuwa namba ya kazi, na mwanamke alikuwa nyongeza katika daftari la posho. Jamaa iliwarudishia ukoo ambao haukuuliza kabila, na ikampa mwanamke nafasi ya kufundisha kando ya mumewe. Mambo ambayo katika kitabu yalikuwa nadharia ya nguvu ya uzima, Kolwezi yalikuwa mume na mke wakizungumza usiku kwa mara ya kwanza.

Mwisho mgumu

Harakati isiyo na ofisi ilikuwa na udhaifu wake. Ilipoenea mbali na Kolwezi, vikundi vingine vilianza kuitafsiri siri ya muungano kwa namna za mwili, na jina la Katete likatumika kwa upotofu huo. Maaskofu waliingiwa na hofu. Wengine walifurahia imani ya kweli waliyoiona. Wengine waliona watu wenye mafundisho ya siri na utii wao wenyewe. Katika miaka ya 1970 Kanisa la Zaire liliibana Jamaa kwa ukali, na wanachama wengi wakalazimika kuchagua kati ya harakati na sakramenti.

Tempels hakuwepo. Mwaka 1962, mwaka lilipotoka andiko lake juu ya Jamaa lenye jina la Mkutano Wetu, aliondoka Kongo na hakurudi tena. Aliishi Ubelgiji kimya kwa miaka 15, akafariki Hasselt tarehe 9 Oktoba 1977.

Mwaka 1994 maaskofu wa Afrika, katika sinodi yao Roma, walichagua kulieleza Kanisa kama familia ya Mungu. Mwaka huohuo Malawi ilifungua kambi ya Dzaleka, mahali palipokuwa gereza, na watu wa Kongo, Rwanda na Burundi wakaanza kupangwa upya mstari kwa mstari. Kambi iliyokusudiwa watu wapatao 10,000 leo ina zaidi ya 50,000. Mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa wakifanya biashara mijini warudi huko. Ripoti juu yao ni nyingi, na katika nyingi wao ni mada, kama Waluba wa mwaka 1945.

SADC ilikifanya Kiswahili kuwa lugha yake rasmi mwaka 2019, na Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Mara nyingi tunazungumzia Kiswahili kama lugha ya biashara na mikutano. Wachimba migodi wa Musonoi walikwisha kukitumia kufikiri juu ya Mungu, ndoa na mtu, miaka 70 iliyopita. Mafundisho hayo yalikuwa ya mdomo, na waliozaliwa katika nyumba za Jamaa sasa ni wazee. Wazee wa Tempels wa kwanza hatuna majina yao. Hawa bado tunaweza kuwauliza.