Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyeandika makala, dunia ikanyamaza

SIKU hizi mtafiti hupimwa kwa hesabu. Ameandika makala ngapi? Watafiti wengine wamezitaja mara ngapi katika kazi zao? Ni kama laiki mtandaoni, tofauti ni kwamba hizi zinaweza kukupa kazi au kukunyima.

Sasa, kama Daktari Denis Burkitt angepimwa hivyo mwaka wa 1959, angeanguka.

Jamaa huyu alizaliwa 1911 mjini Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho moja. Alijiunga na chuo cha Trinity, Dublin, kusomea uhandisi, kisha akahamia udaktari. Alipoomba kazi ya serikali ya kikoloni Afrika Magharibi, alikataliwa kwa sababu ya jicho hilo. Vita vya Pili vya Dunia vikamleta Afrika Mashariki, ikiwemo Kenya, akiwa daktari wa jeshi. Vita vilipoisha akaajiriwa Uganda kama mpasuaji, kwanza Lira, kisha hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka wa 1957, daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita aone mvulana wa miaka mitano. Taya za mtoto zilikuwa zimevimba juu na chini, kushoto na kulia. Burkitt hakuwa na jibu. Wiki chache baadaye, akiwa hospitali ya Jinja, alichungulia dirishani akaona mtoto mwingine mwenye uso uliovimba vilevile.

Wawili? Hapo akashtuka. Alianza kufukua rekodi za wagonjwa na kugundua kwamba watoto wengi wenye uvimbe wa taya walikuwa na uvimbe kwingine mwilini pia. Kumbe madaktari walikuwa wakiandika kila uvimbe kama ugonjwa wake, ilhali ilikuwa saratani moja. Na ilikuwa ikiua haraka.

Mwaka wa 1958 alichapisha makala katika jarida la British Journal of Surgery, akieleza kuhusu watoto 38. Halafu? Kimya. Lile lilikuwa jarida la wapasuaji, na wataalamu wa saratani hawakuwa na mazoea ya kulisoma. Huku nyuma, watoto waliendelea kufa.

Burkitt hakukaa kungoja. Alituma karatasi zenye picha na maswali kwa hospitali za serikali na za misheni katika sehemu nyingi za Afrika. Majibu yalipokuja, aliyachora kwenye ramani. Mwaka wa 1961, yeye na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson walipanda gari kuukuu aina ya Ford, lililonunuliwa kwa pauni 250, wakasafiri takriban maili 10,000 hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Wakabaini kwamba saratani hiyo ilipatikana penye joto na mvua, na ilikosekana nyanda za juu zenye baridi. Ramani yake ilifanana sana na ile ya malaria.

Mwaka huohuo alitoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex, London. Ukumbini alikuwepo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka wa 1964, Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kirusi kipya, ambacho leo huitwa Epstein-Barr. Ndicho cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Burkitt naye alijaribu dawa pale kisu kiliposhindwa, na baadhi ya watoto wakapona kwa dozi chache tu.

Ile makala ya 1958 sasa ikaanza kutajwa kila mahali. Lakini hesabu ina vituko vyake. Ugonjwa ulipewa jina lake, na leo daktari anaweza kuandika Burkitt ukurasa mzima bila kutaja makala yenyewe. Hapo hesabu haisongi hata moja. Wauguzi na madaktari wa hospitali ndogo waliojibu maswali yake nao hawamo kabisa katika hesabu hiyo.

Alirudi Uingereza 1966, akahamia suala la nyuzinyuzi katika chakula. Makala zake za 1971 na 1974 kuhusu nyuzinyuzi na magonjwa ya utumbo zilitajwa sana. Alifariki 1993 akiwa na miaka 82.

Wewe unayesomea sayansi, ikiwa makala yako ya kwanza imemaliza mwaka bila kutajwa na yeyote, usiitupe bado. Jiulize kwanza umeiweka mbele ya nani, na kama umeshawafuata wale wanaoihitaji huko waliko.