Clyde Tombaugh: Mwana wa mkulima aliyegundua Pluto

MVUA ya mawe ilipoangamiza mimea shambani mwa wazazi wake jimboni Kansas, Marekani, Clyde Tombaugh aliona ndoto yake ya kujiunga na chuo kikuu ikididimia. Karo ilitegemea mavuno, na mavuno hayakuwapo. Hata hivyo, ni kijana huyo ambaye mnamo 1930, akiwa na umri wa miaka 24 na bila shahada yoyote, aligundua Pluto, gimba dogo la barafu linalozunguka jua mbali kuliko sayari ya Neptuni.

Tombaugh alizaliwa Februari 4, 1906 jimboni Illinois, akiwa kifungua mimba katika familia ya watoto sita. Mnamo 1922 familia yake ilihamia karibu na mji mdogo wa Burdett, Kansas.

Kwa kuwa hakuwa na fedha za kununua darubini nzuri, aliamua kujiundia. Alisugua vioo kwa mikono yake, na katika darubini aliyoikamilisha mwaka 1928 alitumia vipuri vya gari kuukuu na vya mashine za shambani. Usiku alitazama sayari za Mirihi na Jupita, akachora alichokiona, kisha akaituma michoro hiyo kwa kituo cha Lowell kilichoko Flagstaff, Arizona. Wakuu wa kituo walivutiwa na umakini wake, wakampa kazi mapema mwaka 1929.

Mwanzilishi wa kituo hicho, Percival Lowell, aliyefariki mwaka 1916, alikuwa amepiga hesabu na kushikilia kwamba kulikuwa na sayari nyingine ng'ambo ya Neptuni. Jukumu la kuitafuta likamwangukia kijana huyo wa shamba. Alipiga picha za sehemu ile ile ya anga katika siku tofauti, kisha akazilinganisha kwa mashine iliyoonyesha moja baada ya nyingine kwa haraka. Nyota hutulia mahali pake, lakini kitu kilicho karibu zaidi huonekana kuhama.

Kazi hiyo ilichosha macho na akili, kwani nyota za kukaguliwa zilikuwa maelfu kwa maelfu. Mnamo Februari 18, 1930, akikagua picha za Januari 23 na 29, aliona kitone hafifu kilichokuwa kimehama. Habari zilitangazwa ulimwenguni Machi 13. Jina Pluto lilipendekezwa na Venetia Burney, msichana Mwingereza wa miaka 11.

Umaarufu haukumlevya. Mnamo 1932 alijiunga na Chuo Kikuu cha Kansas kwa ufadhili, akawa mwanafunzi wa kawaida aliyekwisha kujulikana duniani kote. Baadaye alifundisha katika chuo kikuu jimboni New Mexico hadi alipostaafu mwaka 1973.

Miaka ilivyosonga, ilibainika kwamba Pluto ni ndogo mno, hata kuliko mwezi wetu, na kwamba hesabu za Lowell hazikuwa na msingi. Kilichoifichua Pluto kilikuwa ni subira ya mtafutaji mwenyewe.

Tombaugh alifariki Januari 17, 1997, akiwa na umri wa miaka 90. Kufikia wakati huo, wataalamu walikuwa wamekwisha kuanza kugundua magimba mengine ya barafu katika eneo hilo, yaani Ukanda wa Kuiper. Mnamo Agosti 2006, Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uliivua Pluto hadhi ya sayari kamili na kuiita sayari kibete. Uamuzi huo uliwaudhi wengi, ingawa kwa upande mwingine ulimwonyesha Tombaugh kuwa mtu aliyeliona eneo zima la mfumo wa jua zaidi ya miaka 60 kabla ya wenzake.

Miezi michache kabla ya uamuzi huo, Januari 19, 2006, chombo cha New Horizons kilirushwa kutoka Marekani kikiwa kimebeba sehemu ya majivu ya mwili wake. Julai 14, 2015 kilipita karibu na Pluto na kupiga picha za milima ya barafu na uwanda mpana wenye umbo la moyo. Eneo hilo sasa linaitwa kwa jina la Tombaugh.