Mutu aliyefuata unyoya mumoja miaka 23: maisha ya James Chapin

Mwaka wa 1930, kwenye mugodi wa zahabu wa Angumu, mashariki ya Kongo, Mubeleji mumoja alikaa mezani kula chakula chake. Wakamuletea ndege wa musituni, amepikwa muzuri. Kuku hakuwa, kanga hakuwa. Akala, akamaliza, akarudia kazini. Hakujua kama ile siku amekula ndege ambaye hakuna mwalimu hata mumoja wa Ulaya wala wa Marekani aliyekuwa amemuandika katika kitabu. Na hakujua kama huko New York kulikuwa mutu anayetafuta yule ndege tangu miaka 17. Ule mutu aliitwa James Chapin.

Siku hizi, wasomaji wapendwa, kunakuja wageni katika inchi yetu wakivaa mashini kubwa ya picha shingoni. Hawatafuti shaba, hawatafuti kobalti wala koltani. Wanatafuta ndege. Wanapiga picha, wanaandika jina, na mwaka ukiisha wanahesabu aina ngapi wamepata. Wengine kati yetu wanawacheka. Sisi pia tulicheka. Lakini tukiisha kujua habari za Chapin, tuliona kama listi ya ndege ni kazi sawa na kazi ingine, na inaweza kula maisha ya mutu muzima.

Chapin alizaliwa New York mwaka wa 1889. Alikomea Staten Island, kisiwa kilicho karibu na ule muji, na toka utoto alipenda kufuata ndege. Alipomaliza masomo ya sekondari alikuwa na miaka 16 tu. Akapata kazi katika nyumba kubwa ya makumbusho ya New York, pale wanapotunza nyama, ndege na vitu vya dunia yote. Nyuma akaingia universite ya Columbia. Lakini mwaka wa 1909 ile nyumba ya makumbusho ikatafuta kijana wa kusindikiza Herbert Lang, muzaliwa wa Ujerumani, kwenda Kongo. Walitaka okapi, walitaka na kifaru mweupe. Chapin akaacha kelasi, akapanda mashua. Alikuwa na miaka 19.

Safari ilipangwa kuchukua miaka miwili. Ikachukua zaidi ya mitano.

Mutakumbuka kama Ubeleji ulikuwa umepokea Kongo kwa mufalme Leopold mwaka mumoja tu mbele, mwaka wa 1908. Watu wa musituni walikuwa wametoka katika mateso ya mpira, na vidonda vilikuwa bado vibichi. Ndani ya inchi ya namna ile wazungu wawili wakapanda mashua ya mutoni mpaka Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo. Kutoka pale ilikuwa miguu. Wakapita Avakubi kwenye muto Ituri, wakapita Medje na Niangara, wakafika Faradje, mpaka kwenye majani marefu ya upande wa Garamba. Masanduku, chumvi, chupa za pombe kali ya kutunzia samaki na nyoka, yote yalikwenda juu ya vichwa vya wapagazi. Wapagazi walikuwa maelfu na maelfu kwa ile miaka yote. Majina yao tungetafuta, hatungeyapata.

Lang ndiye alikuwa fundi wa picha. Mashini yake haikuwa ya kuingia mufukoni: ilikuwa sanduku, na kila picha ilikaa juu ya kipande cha kioo. Katika ile safari alipiga picha zaidi ya 9,000, za nyama, za mafundi, za wafalme wa Wamangbetu na nyumba zao. Lakini picha za siku zile hazikushika rangi. Na ndege akiisha kufa, rangi ya macho yake na ya miguu yake inapotea upesi. Ndiyo maana Chapin alikaa na karatasi na rangi za maji, akachora mbele giza haijaingia. Alikuwa na mukono muzuri sana.

Tusifiche kitu. Wakati ule listi ya ndege iliandikwa kwa bunduki. Ndege alipigwa, akachunwa, ngozi ikatiwa dawa, ikajazwa pamba, na mguuni ikafungwa etiketi: fasi gani, siku gani, dume ao jike. Ndege zaidi ya 6,000 walirudi New York kwa namna ile. Leo mashini ya picha inafanya ile kazi bila damu, na sisi tunashukuru. Lakini Chapin alifanya kitu kingine ambacho wengi hawakufanya: aliuliza. Kila ndege, alitafuta kujua watu wa pale wanamuita nani, anakula nini, analia saa gani. Majina mengi ya luga zetu aliyatia ndani ya kitabu chake. Watu nao wakamupa jina lake. Lang walimuita Langi, na kijana wakamuita Mtoto na Langi.

Mwaka wa 1913 huko Avakubi, Mtoto na Langi aliona kofia moja ya manyoya, ile ambayo watu wa musituni wanavaa. Manyoya yote aliyajua, ila mumoja. Ulikuwa unyoya wa bawa, rangi ya udongo mwekundu, na mistari meusi. Akaupata, akautunza. Mwaka wa 1915 vitu vya ile safari vilikuwa vimefika tani 54. Ndani ya tani 54, ule unyoya haukuwa na uzito wa kitu. Lakini ndio ulimukatalia usingizi. Alipofika kwao aliulinganisha na ndege wote waliokuwa katika makabati ya New York. Hakuna aliyefanana nao.

Miaka ikapita. Chapin alimaliza masomo yake, akaenda Ufaransa na jeshi la Marekani katika vita ya kwanza, akarudia kwenye makabati yake. Akarudia Kongo mwaka wa 1926, akafika mpaka milima ya Ruwenzori na upande wa Kivu. Akarudia tena mwaka wa 1930. Mwaka wa 1932 alitoa kipande cha kwanza cha kitabu chake juu ya ndege wa Kongo, wakamupa medali, na universite yake ikamufanya dokta. Mutu angeweza kusema: basi, inatosha. Lakini unyoya ulikuwa pale pale, bila jina.

Mwaka wa 1936 alikwenda Ubeleji, kwenye nyumba ya makumbusho ya Kongo huko Tervuren, juu ya kuendelea na kitabu. Siku moja akaona juu ya kabati ndege wawili waliojazwa, wazee, wameachwa pembeni. Vile ndege walikuwa wamekuja zamani pamoja na vitu vingine kutoka kwa kampani ya Kasai. Etiketi ilisema: tausi wa kawaida, watoto, waliotoka Uhindi. Tausi ni yule ndege Wafaransa wanaita paon. Chapin akasogea. Akaangalia bawa la jike. Unyoya wake wa Avakubi ulikuwa pale, rangi ile ile, mistari ile ile.

Watu wa migodi watafahamu habari hii kuliko wengine. Munajua jiwe linaloitwa takataka, linatupwa kwenye rundo, watu wanalikanyaga miaka 20, halafu siku moja mutu anakuja na kipimo na kumbe ndani muna kobalti. Munajua pia mufuko unaoandikwa kipimo cha uongo kule kwenye duka la munuzi, na karatasi ikiisha kuandikwa, hakuna anayeamini macho ya muchimbaji. Wale ndege wawili walikaa Tervuren zaidi ya miaka 20 na karatasi ya uongo miguuni. Wakubwa walipita mbele yao kila siku. Etiketi ilikuwa imesema Uhindi, na wao waliamini etiketi.

Mbele ya ile siku hakuna mwalimu aliyezania kama tausi anaweza kuwa ndege wa Afrika. Tausi alikuwa ndege wa Asia. Mwaka ule ule Chapin akamuandika kwa jina la kisayansi Afropavo congensis, ni kusema tausi wa Afrika, wa Kongo.

Ndipo ile sahani ya Angumu ilipotoka katika giza. Huko Ubeleji Chapin alipata kuongea na yule Mubeleji wa mugodi. Yule akamusimulia habari ya ndege aliyekula mwaka wa 1930. Kwa Chapin ilikuwa kama ramani. Kumbe yule ndege hakuwa wa zamani tu, alikuwa hai, na watu wa Angumu walikuwa wakimutega na kumula. Mwaka wa 1937 akapanda avio mpaka Stanleyville, akaingia musituni na wawindaji wa pale. Wao walijua fasi gani anakula matunda yaliyoanguka, na muti gani anapanda usiku. Kwao hakukuwa kitu cha kuvumbua. Walimuonyesha, na Chapin akarudi na ndege waliokamilika: dume wa rangi ya bluu nzito na majani mabichi, shingo yenye ngozi nyekundu, na kishungi cheupe kichwani, na jike mwekundu wa udongo na mugongo wa majani mabichi, yule wa unyoya.

Hapa tunasimama kidogo. Magazeti ya dunia yaliandika kama Chapin amevumbua. Sisi tunasema kama alifanya kazi ya haki: alifuata alama miaka 23 bila kuchoka, na alipofika aliamini wawindaji kuliko etiketi. Lakini unyoya ulishonwa juu ya kofia na mutu wa Avakubi. Ndege wa Angumu alikamatwa na mutu wa Angumu. Bila wale, daktari wa New York angekufa na swali lake.

Vita ya pili ilipofika, Marekani ilimutuma Leopoldville mwaka wa 1942. Kwa inje alikuwa mutu wa ofisi ya konsula, kwa siri alitafutia serikali yake habari. Mwaka ule ule ndege walimuita tena. Kwenye kisiwa cha Ascension, katikati ya bahari, Wamarekani walijenga uwanja wa avio, na ndege wa baharini maelfu wakawa wanatagia mayai karibu na njia ya avio. Avio ikiondoka, ndege wote wanaruka mbele yake. Askari walijaribu kuwafukuza, bila faida. Chapin akawaambia kuondoa mayai, ndege watahama wenyewe. Wakafanya, ndege wakahama, wakatagia fasi ingine ya kisiwa. Mutu aliyejua ndege aliokoa avio.

Katika miaka ya 1950 alirudia na muke wake kukaa Kivu. Mwaka wa 1953 na 1954 vipande viwili vya mwisho vya kitabu vikatoka. Vyote vinne pamoja ni kurasa zaidi ya 3,000. Alikuwa ameanza kazi kama kijana wa miaka 19, akamaliza na miaka 65. Alikufa New York mwaka wa 1964, Kongo ikiwa na miaka karibu ine ya uhuru.

Tausi wetu yeye bado yuko. Mwaka wa 1949 wa kwanza walifikishwa wazima New York, na leo wako pia katika bustani ya nyama ya Antwerp, huko wanazaliwa. Lakini musituni, kwake mwenyewe, anakaa Kongo tu. Hakuna inchi ingine duniani. Na pale anapokaa, ndipo zahabu na koltani vinapokaa pia. Muchimbaji akiingia musituni, anaingia na njaa, na njaa inatega. Kamba ya kable haichagui: inakamata kila kitu kinachotembea chini, na tausi huyu anatembea chini muchana muzima. Hatulaumu mutu mwenye watoto. Wengi wetu tumekula nyama ya pori bila kuuliza jina lake, sawa na yule Mubeleji.

Tunaomba kitu kidogo. Katika mitaa yetu ya wafanyakazi kuna wazee waliotoka Maniema, Tshopo na Ituri. Wao wanajua jina la huyu ndege katika luga yao, wanajua namna dume na jike wanaitikiana usiku juu ya miti. Vijana, mukae nao jioni moja, muwaulize, muandike. Na ninyi mulio kwenye kambi za zahabu, mukimuona, telefone iko mufukoni: pigeni picha, andikeni siku na fasi, mumuache aende. Ile ndiyo kazi Mtoto na Langi aliifanya, na yeye hakuwa na telefone.